Kipa wa Landi na Jina la Marehemu

Kijana akiletwa wodini amegonga kichwa, ninyi mnaoanza kazi hii mtafundishwa kwanza kummulika macho. Ni sawa, mmulikeni. Mboni zote mbili zinywee pamoja. Moja ikibaki wazi, kimbia ukamwite daktari, na usisimame njiani kusalimiana na mtu. Mwamsheni kila mara, mwulizeni maswali, tazameni kama anatapika. Hayo yote niliyafanya hapa Nakuru katika miaka yangu ya udresa, na sina neno la kuyapinga. Ninalotaka kuwaambia ni habari ya siku zinazofuata, wakati mboni ni nzuri, jeraha limekauka, daktari amesema aende nyumbani, na wewe unadhani kazi imekwisha.

Sisi tuliitwa madresa kwa sababu kazi ya kwanza tuliyopewa ilikuwa kufunga vidonda. Mengine tuliyapata humo humo, kwa kutazama, kwa kukosea na kwa kusoma. Kitabu changu kilikuwa cha Kiingereza, nami nilikisoma jioni nikiwa na kamusi pembeni. Kilisema mgonjwa wa kichwa aulizwe ni nani anayetawala nchi. Basi nikamwuliza mzee mmoja mchunga ng'ombe kutoka upande wa Gilgil, aliyekuwa ameanguka kutoka kwenye mkokoteni.

"Mzee, Gavana anaitwa nani?"

"Gavana yupi?"

"Wa Kenya."

Akanitazama kwa huruma. "Dresa, hata kabla sijaanguka sikumjua. Niulize majina ya ng'ombe."

Nikamwuliza. Akataja kundi zima, na mama zao, na yule mmoja anayepiga teke wakati wa kukamuliwa. Kuanzia hapo sikumwuliza mtu jambo ambalo hakulijua akiwa mzima. Mama mwulize jana alipika nini, kisha mwulize jirani kama ni kweli. Mwanafunzi mwulize nani hukaa naye dawati moja. Hapo utajua kama kichwa kiko mahali pake.

Aliyenifundisha kutazama zaidi ya mboni na maswali alikuwa dresa mkuu wetu, Mzee arap Sigei. Alikuwa amebeba machela kule Burma wakati wa vita, na alirudi na mambo mawili: kutokuwa na haraka, na mazoea ya kunywa chai yenye sukari ambayo kijiko kingeweza kusimama ndani yake. Mgonjwa wa kichwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, arap Sigei alisubiri kidogo, kisha siku yake ya mapumziko akavaa kofia na kwenda kumtembelea. Hakuna aliyemwagiza. Nilipomwuliza anatafuta nini huko, alijibu, "Nataka kuona analala wapi, na nani anamwamsha."

Nilidhani ni mzaha. Baadaye nikaanza kufuatana naye.

Lazima pia niwaambie kuhusu Onyango, mwenzetu wa wodi, mtu mwenye moyo mzuri na sauti ya mnadani. Arap Sigei alikuwa ametufundisha kwamba ni vizuri kujua kama katika ukoo wa mgonjwa kuna mtu aliyewahi kusumbuliwa na akili. Onyango akalishika somo. Asubuhi iliyofuata, mbele ya kitanda cha kijana aliyegongwa na ubao wa lori, akauliza kwa sauti iliyofika hadi mlangoni: "Haya, wazee, kwenu kuna wendawazimu wangapi?"

Upande mmoja wa kitanda walisimama baba na ami za kijana. Upande wa pili walisimama wakwe zake watarajiwa, waliokuja kumpa pole, mmoja akiwa amemshika miguu kuku waliyemletea mgonjwa. Wakwe wakatazamana, wakaaga kwa adabu, wakaondoka. Kuku naye akaondoka nao.

"Onyango," arap Sigei alimwambia, "swali lilikuwa zuri. Ulilipigia baragumu tu."

Ilibidi arap Sigei apande basi kwenda kwa wakwe hao kuwaeleza. Arusi ilifanyika, lakini Onyango hakualikwa.

Swali lenyewe lina maana, na msiliache kwa sababu ya kuku. Kulikuwa na msichana aliyeitwa Chebet, binti wa mkamuaji katika shamba moja la mzungu, aliyepigwa teke na ng'ombe juu ya sikio. Nyumba yao ilikuwa tulivu kuliko nyumba zote nilizowahi kuingia, na mama yake hakumwacha hata kidogo. Kichwa kikaacha kuuma, lakini huzuni ikabaki. Alikaa akitazama ukuta, hata nywele hataki kusukwa. Arap Sigei akamwita mama kando, chini ya paa la ghala, akazungumza naye kuhusu maziwa, mvua na watoto, mpaka mama mwenyewe akasema kwamba yeye pia, kila alipojifungua, moyo wake ulikuwa mzito kwa muda mrefu, na kwamba dada yake yu vivyo hivyo. Hapakuwa na lawama. Tulijua tu kwamba huyu msichana ni wa kutazamwa kwa muda zaidi kuliko wengine. Tukamtazama, na mama akajua kwamba hakukosea popote. Chebet alipona polepole, kama mtu anayepanda mlima akiwa na mzigo, na siku moja akatutania kwamba yule ng'ombe ndiye aliyestahili kulazwa, kwa kuwa alikuwa amegonga kitu kigumu.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sisemi kwamba nyumba nzuri huponya kila mtu, wala kwamba anayechelewa kupona ametoka nyumba mbaya. Nasema kichwa kinarudi mahali fulani, na ni lazima ujue mahali hapo.

Sasa niwape habari za Makokha, maana kwake ndiko nilikoelewa jambo hili mpaka mwisho.

Makokha alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, mtoto wa Wafula, aliyekuwa akiunganisha mabehewa katika yadi ya reli. Waliishi katika landi, zile nyumba za mstari za wafanyakazi wa reli, ambamo jirani akipiga chafya wewe unasema pole. Kijana alikuwa mwepesi, mcheshi, kipa wa timu ya landi na mpiga ngoma wa bendi ya kanisa. Zaidi ya yote, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu. Mtoto wa kwanza wa landi ile kupata nafasi hiyo. Chuo kingefunguliwa mwanzo wa mwaka.

Jumapili moja aliruka kuokoa mpira, akauokoa, na kichwa kikakutana na mlingoti wa goli, wa mti wa mkaratusi. Alizimia kwa muda mfupi, akatapika, akaletwa kwetu. Mboni zilikuwa safi. Majibu yalikuwa safi. Alikumbuka hata matokeo ya mchezo, na alitaka kujua kama refa alikuwa amekubali kwamba mpira haukuvuka mstari. Alikaa kidogo wodini, tukamruhusu.

Haukupita mwezi, baba yake akaja dirishani kwetu akiwa na nguo za kazi, mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Dresa, kijana wetu ameharibika."

"Ameharibika vipi, Mzee Wafula?"

"Hasomi. Akisoma ukurasa mmoja, anashika kichwa. Halali. Anaweka chai motoni na kuisahau mpaka sufuria inaungua. Juzi bendi ilianza kupiga, akatupa vijiti vya ngoma dirishani. Makokha! Halafu akalia. Mwanamume mzima, akalia mbele ya mapasta."

"Ana kidonda?"

"Hana. Ndiyo maana nasema ameharibika."

Siku zile za Hali ya Hatari, serikali ikipigana na wapiganaji wa msituni, wodi zetu zilijaa watu wenye majeraha ya kuonekana, na kijana anayelia bila kidonda hakuwa na foleni ya kusimama. Wafula aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. Mwisho wa mwezi angempeleka kijana nyumbani, upande wa magharibi, wazee wamfanyie mambo ya ukoo. Na chuoni angetuma habari kwamba nafasi ile apewe mwingine. "Huwezi kumpeleka mtu kama huyo akafundishe watoto wa watu," alisema, na nikaona anavyoumia kulitamka.

Arap Sigei alikuwa akinywa chai nyuma yangu. Aliweka kikombe chini. "Kesho ni siku yangu ya mapumziko," akasema.

Tulikwenda mchana. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia, na kilikuwa kimejaa watu. Makokha alikaa kwenye kona akiwa amevuta kofia mpaka kwenye nyusi. Mbele yake, juu ya kiti cha chini, alikaa bibi yake, ambaye wote walimwita Kukhu, ndilo neno la kwao la bibi. Alikuwa ameletwa kutoka nyumbani kwa gari la moshi mara tu kijana alipoanza kubadilika. Kiswahili chake kilitosha kununua samaki na kugombana. Mengine aliyasema kwa Kibukusu na mama wa kijana akatutafsiria.

Nje, kijana mmoja wa landi alipita mlangoni akaimba, "Kipa wetu kafungwa bao la kichwa!" na wenzake wakacheka. Makokha hakuinua uso.

Mama akampa uji. Akauonja, akauweka chini.

"Mnaona?" Kukhu akasema. "Ni yeye. Naye hakupenda uji."

"Kukhu," Makokha akasema taratibu, "uji umeungua."

Mama akauonja. Ulikuwa umeungua kweli. Lakini Kukhu alikwisha kuuhesabu. Tulipokaa pale, Makokha alisahau jina langu, ikawa ni yeye. Akatabasamu baba yake alipojikwaa kwenye ndoo, ikawa ni yeye. Kisha akanyamaza, na hilo nalo likawa yeye.

Nikamwuliza Wafula huyo "yeye" ni nani. Akanieleza kwamba kwao mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee humtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na jina linalomnyamazisha ndilo lake. Kijana huyu alipozaliwa alilia tangu alfajiri. Kukhu ndiye aliyekuwa akitaja majina. Alipofika kwa Makokha, ndugu wa marehemu mume wake, mtoto akanyamaza. Na yule Makokha wa kwanza, Wafula alisema akitazama sakafu, alikufa akitangatanga porini, akili zimemwacha. Sasa mwenye jina amekuja kudai chake.

Niliona kijana anavyosikiliza. Hakushangaa. Alikuwa ameyasikia maneno hayo kila siku tangu akiwa mdogo, na sasa alikuwa akingojea yatimie. Nilielewa kwa nini halali. Kichwa kilikuwa na maumivu yake, ambayo yangekwisha; lakini kijana alikuwa akilala kila usiku akijipima kama wazimu umefika. Mtu gani angelala?

Mimi nilitaka kubishana. Nilikuwa nimesoma. Nilifungua mdomo kueleza ubongo ni nini, na arap Sigei akanikanyaga mguu.

Alivuta kiti karibu na Kukhu. "Mama mzee," akasema, "kifo chake tumekisikia. Nieleze alivyokuwa kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kutangatanga. Ulimkuta akiwa mtu gani ulipoolewa?"

Nadhani hakuna aliyekuwa amemwuliza hilo kwa miaka mingi. Uso wa Kukhu ukafunguka. Makokha yule, alisema, ndiye aliyekuwa akiezeka nyumba zote za kijijini. Paa lake halikuvuja. Alikuwa anacheka akiwa juu ya paa hata watu wakaogopa ataanguka. Yeye Kukhu, bibi arusi aliyekuwa akilia kwa ajili ya kwao, huyo shemeji ndiye aliyemchekesha mara ya kwanza.

"Halafu?"

"Halafu wakaja kuchukua wanaume wa kubeba mizigo, vita vya Wajerumani. Akaenda. Akarudi hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Hataki kelele. Analia. Anasahau. Ukimtuma maji, anarudi na kuni."

"Ulikuwa unamnyoa?"

"Nani mwingine angemnyoa? Hakuwa na mke."

"Kichwa chake kilikuwaje, Mama mzee?"

Mkono wa Kukhu ulipanda wenyewe ukashika nyuma ya sikio lake la kulia. "Hapa kulikuwa na shimo. Kidole kinaingia. Nilikuwa napita na wembe polepole." Akautazama mkono wake kana kwamba si wake. "Alisema sanduku la risasi lilimwangukia mlimani. Sisi tulisema alirogwa huko."

Makokha akavua kofia. "Kukhu, kwa hiyo hakuzaliwa hivyo?"

"Nani amekwambia alizaliwa hivyo?"

"Ninyi! Ninyi nyote! Nimekua nikijua iko ndani ya damu, inanisubiri!"

Wafula alitaka kumkemea kwa kumpaazia bibi sauti, lakini Kukhu aliinua mkono. Alisema maneno mengi kwa Kibukusu, mama akitafsiri kidogo kidogo huku akifuta macho. Kwamba watoto walimfuata wakimwimbia. Kwamba walimhamishia kwenye kibanda cha mbuzi kwa sababu alikuwa akiamka usiku. Kwamba kila alipokosea, walisema ni uchawi, na yeye alisikia, hakuwa kiziwi. Kwamba siku moja akaondoka tu.

"Alikuwa mzima alipoondoka kwenda vitani," Kukhu alisema mwisho, kwa Kiswahili, akimtazama mjukuu. "Mzima kabisa. Na wewe ulikuwa mzima ulipokwenda kucheza mpira."

Arap Sigei ndipo akasema yetu. Kwamba mtikisiko wa ubongo hauonekani, lakini huchosha kama malaria. Kwamba maumivu, usahaulifu, machozi na hasira kwa kawaida hupungua, mtu akilindwa. Alale mapema. Asicheze mpira kabisa. Asome kidogo, apumzike, asome tena. Atembee asubuhi barabara ya ziwani na baba yake, si yadini kwenye mabehewa. Na hakuna mtu wa kuhesabu makosa yake kwa sauti. Akizidiwa, au akitapika tena, au akianza kusema hataki kuishi, aletwe siku hiyohiyo, si kesho yake. Hilo la kutaka kuishi alimwuliza kijana mwenyewe, wakiwa peke yao nje, na lilichukua muda. Ninyi pia ulizeni hilo la mwisho, na mliulize faraghani. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, humfungulia mlango.

Wakati ule hospitali nyingi bado zilipenda kuwalaza watu kama hawa gizani kwa muda mrefu, kimya, bila kitu. Arap Sigei alikuwa ameona kule Burma kwamba mtu akilazwa gizani na hofu yake, hofu ndiyo inayonenepa. Tulijifunza kupima kazi kidogo kidogo, kama mtu anayetia chumvi.

Mtu aliyeyashika maagizo hayo kwa mkono wa chuma alikuwa Kukhu. Bendi ya kanisa ilifanya mazoezi nyumba ya tatu. Jioni iliyofuata alisimama mlangoni mwao akiwa na mwiko.

"Kapteni," akamwambia kiongozi wao kwa cheo chake cha kanisa, "Mungu wenu ni kiziwi?"

"Hapana, Mama."

"Basi mpigieni kule uwanjani. Atasikia."

Wakahamia uwanjani. Yule kijana wa wimbo wa bao la kichwa naye alikutana na ule mwiko, sijui kwa njia gani, ila siku za mbele alipita nyuma ya landi.

Msidhani kijana aliamka mzima. Kulikuwa na siku mbaya. Siku moja nilimkuta amejifungia chooni kwa sababu ya mluzi wa gari la moshi. Lakini alianza kulala. Na alianza kutufanyia mzaha: akisahau kitu, alisema, "Si yeye, Kukhu, ni mimi," na bibi kizee alicheka mpaka akashika mbavu.

Mwaka mpya ulipofika, Wafula aliniita. Habari hakuwa ameituma chuoni, wala safari ya kwa wazee hakuifanya, lakini alikuwa na wasiwasi. Kijana bado aliumwa kichwa akisoma jioni. Je, haifai akae nyumbani mwaka mzima, apone kabisa, nafasi ikipotea ipotee? Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Arap Sigei pia alisema hajui. Alisema chuoni waambiwe wazi, asisome usiku, na kwamba kijana aulizwe mwenyewe.

Tulikuwa wote ndani ya kile chumba. Makokha alikuwa amesimama karibu na sanduku lake la bati, ambalo alikuwa amelifunga tayari bila kuruhusiwa na mtu.

"Naogopa," akasema. "Lakini kukaa hapa nikingoja kuona kama nimepona, hilo naliogopa zaidi."

Baba akatazama juu, akatazama chini. Ni Kukhu aliyeamua.

"Yule tulimwambia akae mpaka apone," alisema. "Akakaa. Huyu aende."

Wafula hakubisha. Makokha aliinama kulinyanyua sanduku alibebe kichwani, nikamkataza, kwa hiyo baba yake akalichukua yeye mwenyewe, akiwa amevaa koti lake la Jumapili. Tukatoka. Watu wa landi walikuwa wamesimama milangoni, kama kawaida yao, wakingoja kuona nani anapelekwa wapi. Kukhu akatangulia mbele yetu sote, mwiko mkononi, akisimama kwenye kila mlango kama mtu anayetoza kodi, na kila mlango akautangazia kwa Kiswahili chake cha samaki:

"Makokha anaenda kusoma. Mmesikia jina? Makokha!"